Wimbo Kila Wiki Si Nidhamu ya Muziki

Mwaka 2023 kampuni ya Luminate, inayofuatilia takwimu za biashara ya muziki duniani, ilikadiria kwamba nyimbo mpya zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiingizwa kila siku kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Novemba 2025 jukwaa la Deezer la Ufaransa likatoa habari iliyotikisa wengi zaidi: takriban theluthi moja ya nyimbo zinazolifikia kila siku, kama 50,000 hivi, zimetengenezwa mwanzo hadi mwisho na programu za akili unde, bila koo la mwimbaji wala kidole cha mpiga gitaa. Huku kwetu habari za aina hii zimepokelewa kwa namna moja tu, kwamba ushindani umeongezeka na kwa hiyo msanii chipukizi naye aongeze kasi. Atoe wimbo kila wiki, arushe video fupi kila siku, asikae kimya hata wiki mbili kwa sababu mashabiki watamsahau na mitambo ya majukwaa itamzika. Ushauri huu unatolewa studioni, redioni na kwenye semina za wasanii, na umepewa jina la heshima: mwendelezo. Anayeufuata huitwa mwenye nidhamu, na asiyeufuata huambiwa hajui anachokitaka.

Naona tumeisoma habari hii kichwa chini miguu juu. Ikiwa nidhamu ya muziki ni wingi wa nyimbo kwa wiki, basi shindano limekwisha na mshindi anajulikana, kwa kuwa hakuna binadamu atakayetoa nyimbo nyingi kuliko programu isiyolala, isiyougua mafua na isiyodaiwa kodi ya chumba. Mwendelezo ambao kwa miaka mingi umejenga maisha ya wanamuziki wa Afrika Mashariki ulikuwa wa namna nyingine. Ulikuwa ni mazoea ambayo hadhira haiyaoni: kufanya mazoezi saa ile ile na watu wale wale, kuujaribu wimbo kabla ya kuurekodi, kusikiliza kazi za wengine kwa makini, na, jambo ambalo wazee wetu wengi hawakupewa nafasi ya kulifanya, kuandika nani katunga nini na nani anastahili kulipwa. Mazoea hayo hayakutokana na moyo wa mtu mmoja peke yake, maana yalikuwa na nyumba yake. Nyumba hizo tumezibomoa au tumeziacha zianguke, kisha tunamlaumu kijana wa Tandale kwamba hana nidhamu.

Haki itendeke kwa ushauri wa wingi, maana nao una historia na haukuzuka hewani. Enzi za kaseti, msanii aliyekamilisha albamu aliipeleka Kariakoo kwa msambazaji, akapewa fedha kwa mkupuo, na mara nyingi hesabu ya kaseti zilizouzwa baadaye hakuiona tena. Albamu moja kwa mwaka au miwili ilitosha kwa sababu soko lenyewe lilikuwa dogo na redio ndiyo iliyokuwa mlango. Ikaja miito ya simu, ikaja YouTube, na Februari 2021 Spotify ikafunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi kwa wakati mmoja. Miezi michache kabla ya hapo, katikati ya mwaka 2020, mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, Daniel Ek, alikuwa amewaambia wanamuziki kwamba zama za kurekodi mara moja kila baada ya miaka mitatu au minne zimepita. Wengi walikasirika, lakini wengi zaidi walitii. Tangu mwaka 2024 kampuni hiyo haiulipi mrabaha wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12, na hapo ndipo mantiki ya wingi inapoanza kuvuja. Msanii mwenye nyimbo 50 zilizosikilizwa mara 600 kila mmoja amesikilizwa mara 30,000 kwa jumla, na hesabu yake ya malipo ni sifuri. Mwenzake mwenye wimbo mmoja uliosikilizwa mara 30,000 analipwa, ingawa ni kidogo sana. Kanuni ya jukwaa lenyewe, ukiisoma kwa utulivu, haiupi wingi thamani ambayo wauza ushauri wanaupa.

Tuziangalie sasa zile nyumba nilizozitaja. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake ya dansi, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Mfumo ule ulikuwa wa ajabu ukiufikiria leo: mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na hata shirika la bima lilikuwa na BIMA Lee. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park Orchestra, Sikinde, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, lenye kumbi zake Kariakoo na Magomeni Kondoa. Siutaji mfumo huu kwa kuutamani wote kama ulivyokuwa. Ulikuwa na ukiritimba wake, wimbo usiompendeza mkubwa ungeweza kunyimwa redio, na aliyetofautiana na uongozi alihama na sauti yake tu, gitaa akaliacha ukumbini. Hata hivyo, ulilitatua swali moja ambalo leo halina jibu mtaani, nalo ni swali la mahali: kesho asubuhi mpiga besi, mpiga tumba na mwimbaji wanakutana wapi, na nani amelipia umeme?

Kwa sababu mahali palikuwepo, mazoea yaliota yenyewe. Mtunzi alifika mazoezini na maneno na wazo la sauti, mpiga solo akalitafutia gitaa lake njia ya kupita, wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni wakapanga majibu yao, na wimbo ukapikwa na watu wengi kwa siku nyingi. Ulipoiva kidogo ulipelekwa ukumbini na kupigwa mbele ya watu waliolipa kiingilio, na hao walikuwa wahariri wakali kuliko prodyuza yeyote. Wimbo ambao watu walirudi kukaa ulirekebishwa au ukaachwa. Uliowainua vitini ndio uliopelekwa kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako muda wa studio ulikuwa mfupi na bendi ilirekodi pamoja, wote kwa mpigo, hivyo aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Ndiyo maana ukisikiliza rekodi za miaka ile unasikia kundi linalopumua kwa pamoja. Ile si teknolojia, kwa sababu teknolojia yao ilikuwa duni kuliko simu iliyomo mfukoni mwako. Unachokisikia ni mamia ya saa za mazoezi ambayo hayakurekodiwa wala kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Kwa kipimo cha leo bendi ile ingeambiwa haina mwendelezo, kwa kuwa wiki nyingi zilipita bila kutoa kitu kipya redioni.

Visiwani nyumba hizi hazikubomolewa zote. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club yenye makao yake Vuga ipo tangu mwaka 1958. Kijana aliyetaka kujifunza fidla au ganuni alikwenda jioni, akakaa nyuma, akasikiliza miezi kadhaa, akapewa kazi ya kuitikia, na siku moja mzee akakohoa na kumwambia ajaribu. Mwaka 2002 kikafunguliwa pale Mji Mkongwe chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, na baadhi ya waliofundisha humo walitoka kwenye klabu hizo hizo. Bara nako, ukiacha bendi chache kongwe zinazoendelea kujitahidi, nyumba pekee iliyobaki kwa upana ni kwaya. Katika maelfu ya makanisa, watu wenye kazi zao za kuuza duka, kufundisha na kuendesha bodaboda hukutana katikati ya wiki na tena Jumamosi, wakagawana sauti nne, wakakemewa na mwalimu wa kwaya kwa kuchelewa kuingia, na Jumapili wakasimama mbele ya watu. Madrasa nazo zina kaswida. Waimbaji wengi wa muziki wa kizazi kipya wameanzia kwenye madawati hayo, na sidhani kama ni bahati nasibu. Huko walilelewa na ratiba ambayo haikuwahi kuitwa ratiba ya kazi ya muziki.

Hoja ya kwanza nzito ya upande wa pili ni kwamba kutoa mara nyingi nako ni mazoezi. Anayetunga nyimbo 50 kwa mwaka atajifunza mengi kuliko anayeukalia wimbo mmoja miezi minane akitafuta ukamilifu ambao haupo. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii, na mfano wake bora ni singeli. Katika studio za uswahilini Dar es Salaam, kama ile ya Sisso kule Mburahati ambayo kazi zake zilifika Ulaya kupitia mkusanyiko uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, midundo hutengenezwa kwa kasi ya kutisha na MC huingiza sauti papo hapo. Ukiangalia kwa haraka utadhani ni ule ule wingi ninaoulalamikia. Lakini tazama singeli inakwenda wapi baada ya kutoka studio. Inakwenda kwenye kigodoro, kwenye shughuli ya mtaa, mbele ya umati ambao utaipokea au utaitupa usiku huo huo, na kesho yake watengenezaji wamekaa tena kwenye benchi lile lile wakizungumza kilichofeli. Kasi yao ina ukumbi, ina wahariri, ina watu wanaokutana kila siku. Kwa muundo wake singeli iko karibu na Sikinde ya mwaka 1980 kuliko ilivyo karibu na kijana anayepakia nyimbo peke yake chumbani akisubiri namba zipande. Kwa hiyo wingi wenye masikio ya watu nyuma yake ni shule. Wingi usio na majibu humfanya mtu arudie kosa lile lile mara 50.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi vijiweni, ni kwamba kipaji ni cha Mungu na hakihitaji ratiba. Wanaoisema humtaja Bi Kidude, yule Fatuma binti Baraka aliyefariki Aprili 2013, ambaye hakusoma muziki chuoni, aliishi atakavyo, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX akiwa bibi kizee. Mfano huo unawageuka wenyewe. Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad na wapigaji wake, mwimbaji ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kisha kwa miongo mingi, kabla ya dunia kumjua, alikuwa mwalimu wa unyago, akiongoza ngoma usiku kucha na kuwafundisha wari nyimbo na maneno, shughuli baada ya shughuli, msimu baada ya msimu, ngoma ya msondo ikiwa katikati ya miguu yake. (Ndiyo, ni jina lile lile ambalo bendi ya dansi ya Dar es Salaam iliipa mtindo wake, kama wapinzani wao walivyolichukua jina la sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo.) Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka yote ile amefanya mazoezi kuliko mhitimu yeyote. Watu walioisikia sauti yake jukwaani Ulaya walidhani wanaona muujiza, kwa sababu hawakuwepo kwenye zile nyua.

Upande wa pili, hata hivyo, una jibu moja linalouma, na mimi mwenyewe lilinichukua muda kulikabili. Jibu hilo ni Muhiddin Maalim Gurumo. Alikuwepo NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, alikuwepo Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo, na kwa zaidi ya miaka 50 akaimba, akatunga na kuongoza. Kama mazoea thabiti yangetosha kumpa mtu maisha, Gurumo angestaafu mwenye nyumba za kupangisha. Mwaka 2013 alipotangaza kustaafu hali yake ilikuwa ya unyonge, na Diamond Platnumz, kijana ambaye hakuwa amezaliwa Gurumo alipokuwa kileleni, akampa gari. Mzee alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata. Picha ile ilisomwa na wengi kama ushahidi kwamba zama za nidhamu zimepitwa, kwamba mwenye kiki na video anamsaidia mwenye mazoezi. Mimi naisoma kama ushahidi wa mazoea yaliyokosekana, tena si kwa uzembe wa Gurumo. Aliajiriwa na bendi, kazi zake zikarekodiwa na redio ya taifa, na nchi haikuwa na utaratibu wowote unaofanya kazi wa kuhesabu wimbo wake ulipigwa mara ngapi na kumlipa kwa hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, wakati sehemu kubwa ya kazi yake ilishakuwa kwenye kanda. Chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA, kikafuata, na hata leo malipo ya redio na televisheni bado ni jambo la kuvutana.

Hapa ndipo mwendelezo wa kweli unapopata nguzo yake ya pili, ile ya karatasi. Wimbo wa Malaika unajulikana duniani kote, umeimbwa na Miriam Makeba na wengine wasiohesabika, na mpaka kesho watu wanabishana kama ni wa Fadhili William aliyeurekodi Nairobi, au wa Adam Salim, au wa mwingine. Ubishi huo usingekuwepo kama siku ulipotungwa kungekuwa na daftari lenye tarehe na saini mbili. Mpwa wangu, anayerekodi kwa bidii na kujisifu kwa mwendelezo wake, nilimwuliza mwaka jana mdundo wa wimbo wake bora ni mali ya nani. Akanitajia jina la utani la prodyuza ambaye namba yake ya simu haipatikani tena. Wimbo huo hauwezi kuuzwa kwa tangazo, hauwezi kuwekwa kwenye filamu, na siku ukilipuka huyo prodyuza atapatikana haraka sana. Nyimbo nyingine 30 alizotoa ziko katika hali hiyo hiyo. Kuandikiana mgawanyo kabla ya kutoka studio ni kazi ya dakika kumi, kusajili kazi nako hakumalizi wiki, na bado ni mazoea magumu kuliko kuamka alfajiri kufanya mazoezi ya sauti, kwa kuwa yanahitaji marafiki wazungumze fedha wakati fedha haipo. Vijana huona aibu. Wazee wetu walinyimwa nafasi hiyo. Sisi tunayo na hatuitumii, na kila wimbo wa haraka unaotoka bila karatasi unaongeza deni.

Ipo pia hoja ya mtaji na kujuana, kwamba bila meneja mwenye fedha na bila kuwapoza watangazaji, mazoezi ni kupoteza muda. Siikatai, maana kila anayeishi karibu na biashara hii ameyaona hayo. Lakini ukichunguza waliofanikiwa, fedha ilinunua kitu gani hasa? Kundi la WCB Wasafi, ambalo watu hulitaja kama kielelezo cha kiki, limejenga nyumba: wasanii chini ya lebo moja, wachezaji wanaofanya mazoezi pamoja, watunzi wanaopokezana mistari, na baadaye redio na televisheni yao wenyewe. Kwa maneno mengine, wameijenga upya NUTA Jazz kwa fedha binafsi, pamoja na ubaya wake wa mwenye nyumba kuwa na nguvu kuliko mpangaji. Nairobi, Sauti Sol walianza mwaka 2005, waimbaji watatu waliokuwa wamefahamiana tangu shule ya Upper Hill na mpiga gitaa mmoja, na waliagana na mashabiki Novemba 2023. Katika miaka hiyo 18 hawakuwahi kushindana kwa wingi wa nyimbo. Walichokuwa nacho ni watu wanne waliofahamu pumzi za wenzao, kiasi kwamba walipopanda jukwaani bila vyombo vya maana, bado sauti zao zilisimama.

Nirudi kwenye nyimbo 50,000 za mashine. Kinachofanywa na programu hizo ni kushusha hadi karibu sifuri bei ya wimbo unaofanana na nyimbo nyingine. Mdundo wa kawaida wenye maneno ya mapenzi ya kawaida, sauti iliyonyooshwa kwa kompyuta na urefu wa dakika mbili na nusu sasa unapatikana kwa kuandika sentensi moja. Msanii aliyejifunza kutoa wimbo wa aina hiyo kila Ijumaa amejizoeza ufundi ambao umeshakosa bei. Kilichobaki adimu ni vile ambavyo mashine haina: kusimama saa mbili mbele ya watu wa Morogoro waliochoka na kuwafanya wasahau kesho ni Jumatatu, kuubadili wimbo papo hapo kwa sababu bibi harusi amelia, kuwa na sauti ambayo mtu anaitambua kabla jina halijatajwa, na kuwa na haki iliyoandikwa ya kumdai anayeitumia sauti hiyo kufundishia programu. Hayo yote hupatikana kwa mazoea ya polepole. Kwa hiyo mafuriko haya, badala ya kumlazimisha msanii aongeze kasi, yanamwondolea sababu ya kukimbia.

Kwa mtu binafsi hili linamaanisha kuipanga upya wiki. Kama ana saa 20 za muziki, pengine 12 ziende kwenye mazoezi pamoja na wenzake, tatu kwenye kutunga na kusikiliza, tatu mbele ya watu hata kama ni kumi kwenye baa ya mtaa, moja kwenye daftari la hesabu na haki, na moja inayobaki ndiyo ya kupakia. Mgawanyo huu ni wangu na kila mmoja atauvuruga kwa hali yake, lakini ninaowaona wakichoka na kuacha muziki ndani ya miaka miwili wana mgawanyo uliogeuzwa, saa moja ya mazoezi na 19 za kutafuta kuonekana. Wanaacha wakidhani wamekosa bahati.

Lakini nitakuwa nimerudia kosa lile lile la kumtwisha kijana mzigo wote nikiishia hapo. Mazoezi ya saa 12 kwa wiki yanahitaji chumba kisichowakera majirani, spika mbili, seti ya ngoma na umeme. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, ambapo asilimia nne ni ya vijana, na mikopo hiyo iliyokuwa imesimamishwa ilirejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya kufuga kuku hupata, vikundi vya bodaboda hupata. Kikundi cha wanamuziki watano wanaotaka kukodi chumba cha mazoezi, wakitumie asubuhi na kukikodisha kwa kwaya na bendi nyingine mchana na jioni, kina mpango wa biashara unaoeleweka kuliko nyingi kati ya hizo. Kikwazo ni kwamba wanamuziki wachache hufika ofisi ya maendeleo ya jamii wakiwa kikundi chenye katiba, na ofisa anayewapokea amezoea kuuona muziki kama starehe. Maafisa utamaduni wapo kila wilaya. Kazi ya kuwakutanisha hawa watatu, yaani msanii, ofisa wa mikopo na mwenye chumba kitupu, haihitaji sheria mpya, na ingeweza kuanza kabla bajeti ijayo ya halmashauri haijapitishwa.